Hali ya Maji, Hari ya Maji

Kisugu, Kampala
4 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Sundus, huko Unguja,

Assalaam alaykum. Salamu nimezishindilia kwenye bahasha hii mpaka nikaogopa dereva wa basi ataniambia ni mzigo. Mjomba wako mzima. Aunti yako Rahima mzima ila goti. Mama yako Kaltumi huko Mbuya mzima, na bado ananifokea kama vile yeye ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Paka amezaa watano. Nawe je? Wanakulisha? Nasikia watu wa huko wanashindia urojo, usikubali.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu imemezwa na kambale. Niliinama kidogo tu juu ya maji, ikachomoka mfukoni, na yule kambale mzee mwenye kichwa kama beseni akaifungulia mdomo. Siku mbili tuliisikia ikilia tumboni mwake. Mtu akipiga, samaki anaruka. Simu ya Rahima ipo, lakini yeye huipandisha sauti mpaka jirani anaitikia salamu, na mambo ya kitaalamu kama haya yetu hayafai kutangazwa. Kwa hiyo ni barua. Babu zetu walikuja huku kufanya biashara kwa barua, na hakuna aliyekufa kwa kukosa mtandao.

Sasa neno lenyewe. Karatasi yako ya maagizo imefika, pamoja na chupa ndogo, spiriti, daftari na kile kijiti cha kioo, bila hata ufa. Nimesoma yote. Unataka kujua kwa nini ngege, hao mnaowaita perege, wa tangi moja hushikwa na minyoo ya matamvua kuliko wa tangi jingine, ilhali wote wametoka kwa mfugaji mmoja na wanakula chakula kimoja. Umekuja kwa mtu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la sita, kweli, lakini ni kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa maarifa. Matangi yangu ni mawili, kila moja lina ngege mia mbili. Moja linapigwa na jua mchana kutwa. La pili liko nyuma, kwenye kivuli cha ghorofa ya Makokha, yule Mkenya fundi bomba aliyenijengea yote mawili. Magari ya wakubwa yakipita hapa hupunguza mwendo.

Kila Jumatatu tutatoa samaki wawili kila tangi, tutie matamvua kwenye chupa na kuandika tarehe. Na kila siku nitajaza daftari kama ulivyoagiza. Ila umekosea herufi moja, tena kila mahali, kama wale wa sokoni Nakasero ambao ulimi wao haujui kutenganisha r na l. Nimeshangaa, mtoto wa ukoo wetu, tena uko Unguja kwenyewe. Nimekusahihishia kwa kalamu nyekundu na nimekusamehe. Sitamwambia mtu.

Mjomba wako,
Junaid bin Shafiq, bingwa wa ngege


Unguja
23 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti la Aunti Rahima limepoa na paka wamefumbua macho. Mimi nakula vizuri, urojo ukiwemo. Mama aliniambia simu uliisahau kwenye boda ukitoka Kabalagala, lakini mpe kambale pole zangu.

Chupa za wiki mbili za kwanza zimefika, zimeandikwa vizuri sana. Mwandiko ni wa Aunti, sivyo? Mshukuru.

Nataka nikueleze kwa nini nakusumbua. Samaki hata akiwa mzima hakai peke yake. Tumboni ana vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula, na kwenye matamvua, yale anayopumulia, ana minyoo midogo mno, yenye kulabu, inayomla taratibu. Wote wamo siku zote. Atakayetamba anaamuliwa na maji. Maji yakipata joto, mayai ya minyoo huanguliwa kwa siku chache badala ya wiki. Samaki naye hewa inampungukia, nguvu zinamwishia. Hata wale vijidudu wema wa tumboni hubadilika, wengine wakawa maadui.

Ndiyo maana nalihitaji daftari lako kuliko hata chupa. Chupa zinaniambia minyoo ni mingapi. Daftari litaniambia kwa nini. Juni tarehe kumi na mbili nitasimama mbele ya walimu, na nisipokuwa na la kusema linalosimama, nitatoka chuoni na nafasi yangu atapewa mwingine. Sijamwambia Mama hilo. Nakwambia wewe.

Mpwa wako,
Sundus


Kisugu
1 Machi 2025

Mpwa wangu,

Ramadhani karim. Leo ndiyo ya kwanza na tayari Rahima ananikataza kuongea mchana, anasema najichosha. Mama yako amekuja na tende, akakaa saa nne akisifu barua zako kwangu huku hajazisoma, sikumwonyesha. Siri yako iko kifuani mwangu, na kifua hiki unakijua ni sanduku.

Yale ya wageni wa samaki nimeyaelewa kabla hujamaliza kuyaeleza, kwa sababu mimi ni mwenye nyumba. Nina vile vyumba vyangu vitatu vya kupangisha, vile ambavyo huku huitwa mizigo. Nasif wa chumba cha kwanza hufagia uwanja bila kuambiwa. Huyo ndiye kijidudu chako cha tumboni. Yule wa chumba cha tatu aling'oa mpaka bawaba za mlango. Huyo ni mnyoo wa matamvua. Sasa sikiliza. Mwaka juzi maji ya bomba yalikatika wiki tatu. Nasif huyohuyo, mtu wa kufagia, alikutwa anaiba maji kwenye pipa langu. Mtu hakubadilika, hali ndiyo ilibadilika. Wape walimu wako mfano huo, na useme ni wangu.

Nakutumia daftari la wiki nane, halina hata siku moja iliyorukwa, pamoja na chupa. Samaki wote wazima, wananenepa mpaka wanapishana kwa ubavu. Tangi la jua nililifanyia usafi kidogo mwezi uliopita, si jambo la kuandikia barua.

Mwenyewe,
Mjomba Junaid


Unguja
18 Machi 2025

Mjomba, shikamoo, na funga njema.

Mwambie Aunti nimeota biriani yake mara mbili wiki hii. Nasif mpe salamu. Nimemweka kwenye kitabu changu cha utafiti, bila jina.

Mjomba, nimefungua daftari. Januari tano: nzuri. Januari sita: nzuri sana. Januari saba: nzuri, alhamdulillahi. Nikasema labda ni utangulizi. Nikafunua mpaka mwisho. Siku hamsini na sita. Siku moja tu umeandika "wastani, mbu wengi."

Ndipo nikakumbuka kalamu yako nyekundu. Mimi sikuandika hali ya maji. Niliandika hari. Hari ni joto. Hapa mtu akitoka jasho wanasema ametokwa na hari. Sikukosea herufi. Kile kijiti cha kioo ni kipimajoto, uzamishe tangini saa nane mchana, uandike namba.

Nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani, Umulkheir, akaja kuangalia kama ninalia. Baadaye ikawa ndivyo kweli. Kama kuna namba zozote ulizoziona, hata chache, niletee. Kama hazipo, niambie hazipo.

Sundus


Kisugu
5 Aprili 2025

Mpwa wangu Sundus,

Eid mubarak iliyochelewa. Tulichinja mbuzi ambaye watu wa mtaa walidhani ni ndama. Mama yako alikula akaomba kufungiwa.

Kuhusu hiyo hari. Nilikwenda kwa Sheikh Marjan kumuuliza, nikijua atakuwa upande wangu. Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akasema neno lipo, tena kongwe, na aliyelifuta kwa kalamu nyekundu ajifute mwenyewe. Nilikaa na aibu kama dakika nne hivi.

Lakini wewe usitetemeke. Mjomba wako ni mtu wa tahadhari. Namba zote ninazo, kwa sababu nilikuwa nikipima kila siku kimyakimya, ila sikuona haja ya kuandika, nilizihifadhi kichwani. Hii ni kawaida katika ukoo wetu. Babu yangu alihifadhi majina ya punda mia tatu, na ya mama zao. Nimekaa siku tatu nikizitoa kichwani moja moja, na sasa ziko kwenye karatasi hizi nne, tangi la jua kushoto, la kivuli kulia. Ona zinavyopanda na kushuka kwa adabu.

Sasa simama mbele ya hao walimu, kifua mbele.

Mjomba


Unguja
22 Aprili 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimefurahi mlikula Eid vizuri. Hapa mvua imeanza, nguo hazikauki.

Karatasi zako nimezisoma jioni nzima. Ni nzuri, Mjomba. Ni nzuri kuliko za kweli. Za kweli huwa na siku ya kijinga katikati, namba isiyotaka kukaa na wenzake. Zako zote zimekaa kama watu kwenye picha ya harusi. Tena Februari tarehe ishirini na tisa tangi la jua lilikuwa thelathini na moja, na Februari tarehe thelathini likawa thelathini na mbili. Mwaka huu Februari iliishia ishirini na nane.

Sitazitumia. Sikasiriki pia, najua ulitaka kuniokoa. Ningeweza kufuta siku hizo mbili na hakuna ambaye angejua. Nilikaa na kifutio mkononi muda mrefu, nakwambia ukweli.

Lakini Mungu ana njia zake. Chupa za Aunti zimezungumza zenyewe. Kwenye tangi la kivuli minyoo ni michache, haipandi haishuki. Kwenye tangi la jua ilipanda kila wiki kwa wiki sita, ikajaa mpaka matamvua hayaonekani. Wiki ya saba, ghafla, karibu yote haipo. Mwalimu wangu ameinuka kitini. Anasema huenda joto likizidi kiwango fulani linaiua minyoo yenyewe na kumwacha samaki mzima. Likiwa kweli, ni jambo la kulisimamia Juni, na mwaka wangu umepona. Joto la mji tunaweza kulichukua kwa watu wa hali ya hewa.

Nina swali moja tu. Ile wiki ya saba, katikati ya Februari, kuna lolote lililotokea kwenye tangi la jua?

Sundus


Kisugu
6 Mei 2025

Mpwa wangu,

Sote wazima. Mvua kubwa, barabara ya chini imegeuka mto, nimeona boda ikipita na abiria ameshika kasia. Paka wote wamepata wenyewe, mmoja kwa Makokha.

Na hilo la Februari kutokuwa na thelathini, usinilaumu mimi. Kalenda za huku ni mbovu.

Nimefurahi sana kwa hayo ya mwalimu kuinuka. Nilijua matangi yangu yatafika mbali. Wiki ya saba hakuna lililotokea.

Junaid


Kisugu
8 Mei 2025

Sundus mwanangu,

Najua barua ya juzi haijafika hata Dar. Hii ikiitangulia, ile ichane. Ikija nyuma, ichane vilevile.

Jana nilikaa na Makokha barazani kwake, tukinywa chai, nikawa namsimulia jinsi utakavyosimama mbele ya wasomi. Unamjua Makokha, mtu wa kutafuna neno kabla ya kulitema.

"Kwa hiyo mtoto atawaambia kwamba jua kali linaua minyoo," akasema.

"Linaua minyoo, linaacha samaki," nikamwambia. "Na limegunduliwa kwangu."

"Na wafugaji wakisikia watafanya nini?"

"Watamsifu."

"Watabomoa vivuli, Mzee Junaid. Watafunika kavera jeusi. Halafu watachimba shimo kama lile tulilochimba mimi na wewe."

Niliweka kikombe chini, nikaondoka bila kuaga.

Basi ni hivi. Mwanzoni mwa Februari ndege walikuwa wananiibia ngege wa tangi la jua. Nikanunua kavera jeusi, lile nailoni pana la kufunikia matofali, nikalifunika tangi zima, nikalikaza kwa mawe. Nilijisifu mtaa mzima. Siku ya tatu Rahima akasema maji yananuka. Nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni kama sufuria ya chai. Ngege walikuwa juu wote, midomo nje, wanatafuta hewa. Wengine walikuwa wameshageuka tumbo. Tuliwatoa kwa mikono. Matamvua yao yalikuwa na utelezi mweupe, nadhani ndiyo hiyo minyoo yako, sikujua. Jioni ile nilizika samaki mia moja na sitini na tatu nyuma ya choo, Makokha akichimba. Wachache waliobaki niliwatia kwenye pipa, nao wakafa. Nilifikiri kijicho. Nilimtaja mpaka jirani mmoja moyoni, Mungu anisamehe.

Kesho yake nilisugua tangi kwa chumvi, nikaenda Ggaba, nikaleta ngege wengine mia mbili wa kimo kilekile, nikawamwaga. Rahima alisema, "Mwandikie mtoto." Nikamwambia mtoto anasoma, asisumbuliwe. Siku ileile nikaandika daftarini: nzuri sana.

Kwa hiyo minyoo haikufa kwa joto. Iliondoka na wenye nyumba. Wale uliowaona wiki ya saba ni samaki wageni, hawakuwahi kukaa kwenye hilo joto hata siku moja.

Na kile kijiti. Sikupima, si kimyakimya wala kwa kelele. Nilidhani ni cha kupimia homa ya samaki mgonjwa. Nikakiweka kabatini nikisubiri mmoja augue. Walipougua wote kwa pamoja, nilisahau hata kilipo.

Najua nakuondolea kitu chako cha kusimama nacho. Nimeizunguka meza hii tangu alfajiri nikitafuta namna ya kukisema kiwe kidogo. Hakiwi kidogo.

Mjomba wako


Unguja
14 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua zako mbili zilifika siku moja, kwenye mfuko mmoja. Nilisoma ya tarehe sita kwanza, nikashangilia. Kisha ya tarehe nane. Nililala bila kula, na asubuhi nikaenda kumwonyesha mwalimu. Alichukua ukurasa aliouandika juu ya joto linaloua minyoo, akaufuta mwenyewe kwa mstari mmoja. Siku mbili hakunisemesha. Sitakuficha hilo.

Juzi nilisimama. Sikuwa na ugunduzi. Niliwaambia yaliyotokea: tangi la kivuli, samaki wazima, minyoo michache. Tangi la jua, minyoo ikapanda wiki sita. Kavera likafunikwa siku tatu, hewa ikaisha, samaki waliokwisha kuliwa matamvua hawakuweza kuipata hata ile kidogo iliyobaki. Tangi la pili lilikuwa hatua kumi kutoka hapo na halikupoteza hata mmoja. Nikawaambia namba za joto sina, na kwa nini sina. Pale kwenye "wastani, mbu wengi" walicheka wote, hata mwalimu.

Halafu yule mkali wao akauliza, huyu mfugaji aliyeandika daftari la uongo na karatasi nne za uongo, kwa nini unamwamini kuhusu hao samaki waliokufa?

Nikasema, kwa sababu aliniandikia mara mbili ndani ya wiki moja, na barua ya pili haikumpa faida yoyote.

Nafasi yangu sijaipoteza. Wamenipa mpaka Desemba kupima upya, matangi yaleyale, kwa kipimajoto. Mwalimu alitaka nitafute mfugaji mwingine. Nimemwambia simtaki mwingine.

Tafadhali weka kivuli japo cha makuti juu ya nusu ya tangi la jua, wale wa Ggaba wasije wakafuata wenzao. Mama nimemwambia yote mwenyewe, kwa hiyo akija kukufokea, vumilia.

Sundus


Kisugu
30 Juni 2025

Sundus,

Marahaba. Mama yako alikuja, akafoka saa mbili, akala, akaondoka. Sote wazima. Kivuli nimeweka, Makokha amesaidia.

Wiki ya kwanza ya kipimajoto, saa nane mchana, tangi la jua kwanza:

Jumatatu 30, na 24.
Jumanne 31, na 25.
Jumatano sikupima, nilipitiwa na usingizi.
Alhamisi 26, na 24. Mvua.
Ijumaa Rahima alipima, nilikuwa msikitini. 30, na 24.
Jumamosi 27, na 28. Sijui kwa nini la kivuli lilizidi. Nimepima mara tatu.
Jumapili 31, na 25. Ngege mmoja tangi la jua amekufa. Matamvua yake yako kwenye chupa, nimeandika tarehe.

Sina la kuongeza.

Junaid